Kutosikia Si Kutotii

Katika lugha yetu neno moja hubeba mizigo miwili. Tukisema juu ya mtoto kwamba "hasikii", pengine maana yetu ni kwamba sauti haimfikii. Pengine maana yetu ni kwamba ameonywa akakataa kuonyeka. Wazee waliosema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakunena habari za masikio, walinena habari za moyo mkaidi, na waliowasikiliza walifahamu hivyo. Walakini madarasani mwetu mizigo hiyo miwili imechanganywa, na anayelemewa ni mtoto asiye na kosa. Mwalimu ameamuru, mtoto hakutenda. Basi "hasikii", na fimbo yashuka. Twataka kusema waziwazi, bila kuzunguka: kutosikia si kutotii, na mtu amwadhibuye kiziwi kwa sababu hakusikia ni sawasawa na mtu amwadhibuye kipofu kwa sababu hakusoma ubaoni.

Wala shauri letu si la fimbo peke yake. Fimbo huonekana, na alama yake hupona. Lipo jeraha jingine lisiloonekana, nalo ni upweke wa mtoto akaaye kati ya watu sabini kana kwamba yu peke yake porini. Watu wakitaja shida ya kiziwi hutaja masikio kwanza, kisha hutaja masomo. Moyo wake hawautaji kabisa, kana kwamba aliyenyimwa sauti amenyimwa na huzuni pia, na haya, na wivu, na hamu ya kupendwa. Sisi twasema moyo ndio wa kwanza. Mtoto aliyevunjika moyo hafundishiki, awe asikia au hasikii.

Tena watoto hawa si wachache kama wengi wadhanivyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watoto wapatao 34,000,000 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiasi cha kuhitaji msaada, na kwamba katika kila watoto kumi wenye upungufu huo, sita hivi wangaliweza kukingwa. Surua, matumbwitumbwi, homa ya uti wa mgongo, rubela impatayo mama mjamzito, usaha wa masikioni usiotibiwa, na baadhi ya dawa kali za sindano: hizo ni baadhi ya njia ambazo uziwi huingia nyumbani. Hapana laana hapo, wala mkono wa jirani. Mtu amtafutaye mchawi huku usaha watiririka katika sikio la mwanawe apoteza siku ambazo mganga wa hospitali angaliweza kumponya.

Yatupasa kutambua kwamba watoto hawa si wa namna moja. Yuko asiyesikia kabisa, na huyo aghalabu hujulikana mapema. Lakini yuko asikiaye nusu, na huyu ndiye ateswaye sana katika shule za vijijini, kwa maana hakuna ajuaye hali yake. Ukimwita kwa nguvu ageuka, basi watu husema, "Tazama, asikia sana akitaka." Hawajui kwamba mara nyingi sauti nene humfikia, na sauti nyembamba hupotea njiani. Herufi a na o azipata, s na f na sh zampita, na neno likimfikia limekwisha kuliwa nusu, kama gunia la mahindi lililoingiwa na panya. Hujaribu kusoma midomo, lakini midomo nayo hudanganya. Simama mbele ya kioo, utamke baba, kisha utamke mama, bila kutoa sauti, nawe utaona kwamba midomo yafanya tendo lile lile moja. Na herufi zitokazo nyuma ya kinywa, kama k na g, ni shida kubwa kuziona. Mtoto asiyeweza kupambanua baba na mama katika uso wa mwalimu wake atawezaje kufuata somo zima la jiografia, na mwalimu mwenyewe ameugeukia ubao?

Dalili zake zi wazi kwa mwenye kutaka kuziona. Hutazama wenzake kwanza, kisha hufanya wanayoyafanya. Hucheka wenzake wakicheka, naye hajui kilichochekesha. Hujibu "ndiyo" kwa kila swali, kwa kuwa amejifunza kwamba "ndiyo" humwondoa muulizaji upesi. Ifikapo adhuhuri amechoka kuliko wote, maana wengine husikiliza bila taabu, yeye amefanya kazi ngumu ya kubahatisha tangu asubuhi. Ainamisha kichwa juu ya dawati, aitwa mvivu. Tena mwalimu mwenye hasira akimzaba kofi la sikio, huenda akapasua kiwambo cha sikio na kumwondolea hata ile nusu aliyobakiwa nayo. Huko ni kumwibia maskini kibaba chake cha mwisho, na atendaye hivyo asijiite mfundisha adabu.

Wazazi nao wasidhani kwamba twawasema walimu tu. Huko Marekani, ambako hesabu zimefanywa, imeonekana kwamba katika kila watoto kumi viziwi, zaidi ya tisa huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake mtoto huyu azaliwa mgeni katika nyumba ya baba yake mwenyewe: lugha ya nyumba haimwingii, na ile ambayo ingemwingia hapana aijuaye. Hebu fikirini jioni, chakula kimekwisha kuliwa, watu wamezunguka moto, babu atoa kisa, wote waangua kicheko. Mtoto amshika mama yake mkono na kuuliza kwa macho: kuna nini? Mama ampungia mkono: si kitu. Kesho yake tena, si kitu. Msiba watokea, watu walia, auliza, si kitu. Miaka kumi ya "si kitu" yatosha kumfundisha mtoto kwamba yeye mwenyewe ndiye si kitu. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyempiga. Hata hivyo somo hilo amelishika kuliko hesabu.

Mwaka 2012 wataalamu watatu, Fellinger, Holzinger na Pollard, waliandika katika jarida la waganga liitwalo The Lancet kwamba mtoto kiziwi asiyeweza kueleweka nyumbani kwao yumo katika hatari mara nne ya kupatwa na maradhi ya akili na nafsi, akilinganishwa na mtoto kiziwi ambaye jamaa zake huelewana naye. Na tena huonewa zaidi shuleni. Angalieni vema jambo hili. Wote wawili ni viziwi. Uziwi haukuwatenga, kilichowatenga ni kueleweka kwa mmoja na kutoeleweka kwa mwingine. Basi mzazi asiseme, "Uziwi umemharibu mwanangu tabia." Na ajiulize kwanza mwanawe amepata wapi mtu wa kuzungumza naye.

Hapo ndipo tunapoukanusha usemi ulioenea, kwamba viziwi wana hasira za kuzaliwa nazo. Mtoto asikiaye akinyang'anywa mpira husema, "Umenionea." Neno hilo moja humpunguzia uchungu, humwita mwamuzi, na pengine humrudishia mpira. Asiyefundishwa alama ya neno hilo ana ngumi tu. Tena hajui kwamba kile kimchomacho kifuani kina jina, kwamba wengine nao huwa nacho, na kwamba hupita. Huko Marekani Mark Greenberg na Carol Kusché walitunga masomo ya kuwafundisha watoto viziwi kutaja hali za moyo, kutulia kabla ya kutenda, na kutafuta njia ya kumaliza ugomvi. Na taarifa yao ya mwaka 1998 ilionyesha kwamba watoto waliofundishwa hivyo walizidi kufahamu hisia na kutatua matata. Masomo hayo yalifaa hata yakachukuliwa kwa ajili ya watoto wanaosikia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini maiti hana alama za kutuambia, na mtoto huyu aweza kuwa nazo, tukimpa.

Tena kuna hatari nyingine ambayo watu huona haya kuitaja. Mwovu akitaka kumdhulumu mtoto humtafuta yule asiyeweza kusimulia. Mtoto kiziwi ambaye hakufundishwa jina la viungo vya mwili wake, wala alama ya "sitaki", wala alama ya "fulani amenitenda hivi", ameachwa kama nyumba isiyo na mlango. Kumpa lugha ni kumpa na ulinzi.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu, maana twawajua.

Wa kwanza husema, "Msimfundishe alama, kwani akizoea mikono hatajifunza kusema." Hoja hii ni ya zamani, na dunia imekwisha kuijaribu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutanika Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakaazimia kwamba watoto wafundishwe kwa kinywa, na alama ziachwe. Katika shule nyingi za Ulaya na Marekani watoto wakakatazwa kunena kwa mikono, na walimu waliokuwa viziwi wakapoteza kazi zao. Hata mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet kule Washington, alionyesha kwa uchunguzi kwamba alama za viziwi ni lugha kamili, yenye mpango wake na kanuni zake. Na mwaka 2010 mkutano ule ule wa elimu ya viziwi, ulipokutana Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio ya Milan na kueleza majuto kwa madhara yake. Miaka 130 ilipita ndipo kosa likakiriwa. Je, sisi huku tuianze safari hiyo upya, na hali wenzetu wamerudi wakituambia kwamba njia haina maji?

Tena mtu asidhani kwamba mtoto aweza kuzuiwa asitafute lugha. Katika nchi ya Nikaragua, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi walikusanywa katika shule za mji wa Managua. Walimu waliwataka wasome midomo. Watoto, wakiwa kiwanjani na njiani, waliunganisha ishara walizokuja nazo kutoka makwao, na wadogo waliofuata wakazipanga na kuzikamilisha, hata ikazaliwa lugha mpya ya alama. Njaa ya lugha ni njaa kama nyingine. Anyimwaye chakula mezani atakitafuta uani.

Wa pili husema, "Nina watoto sabini darasani, sina nafasi ya mmoja." Twamwonea huruma mwalimu huyu, kwani mzigo wake twaujua. Lakini mengi tunayoyataka hayana gharama. Kumkalisha mbele kwahitaji nini? Kusema ukiwatazama watoto, badala ya kuuambia ubao, kwahitaji nini? Kutosimama na dirisha mgongoni, ili mwanga uangukie uso wako na midomo ionekane, kwahitaji nini? Haya yote huwafaa hata wale sitini na tisa.

Wa tatu husema, "Zipo shule za viziwi, na apelekwe huko." Kweli zipo, nasi twashukuru. Ile ya Tabora ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, ikiwa ya kwanza katika nchi yetu ya Tanzania. Ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Na Walutheri wanayo ya Mwanga, Kilimanjaro. Mtoto apatapo nafasi huko huenda akakutana kwa mara ya kwanza na watu wanaozungumza kwa namna aiwezayo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini tazameni jinsi baadhi ya watoto wapelekwavyo. Mtoto wa miaka saba avikwa nguo mpya, apandishwa basi, asafiri mchana kutwa, aachwa mahali asipopajua kati ya watu asiowajua, na baba aondoka kwa siri ili asilie. Hakuna aliyemweleza, maana hakuna awezaye kumweleza. Yeye afikiri ametupwa. Huenda akalia wiki nyingi, na walezi wakasema ni mtundu. Ndugu wazazi, msiondoke kwa siri! Mchorezeni picha ya shule na ya nyumbani, na njia kati yake. Mwacheni auone mlango mtakaotokea. Mpeni karatasi yenye vijumba vya siku, afute kimoja kila jioni, hata siku ya kurudi. Nanyi siku hiyo mfike. Na arudipo likizo na lugha mikononi mwake, asikute nyumba iliyo bubu. Na mkae naye, awafundishe. Mtoto amfundishaye baba yake neno moja kila siku hana tena mashaka kwamba yeye ni kitu.

Wa nne hutujia kwa upole. Husema, "Maskini, mwacheni tu, asisumbuliwe na masomo." Huruma ya namna hii twaiogopa kuliko ukali. Mkali humtaka mtoto afanye. Mwenye huruma hii amekwisha kumkatia tamaa. Humwita "Bubu" kana kwamba hakupewa jina, humtuma maji na kuni, humsamehe mitihani, na humwacha nje ya michezo. Torati yenyewe, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, yakataza kumlaani kiziwi. Nasi twauliza: kumwita mtu kwa kasoro yake siku zote za maisha yake, mbele ya umati ambao yeye hasikii usemalo, ni mbali na laana kiasi gani? Wenyewe wamejichagulia neno: chama chao huitwa Chama cha Viziwi Tanzania, na neno "bubu" hawalitaki. Na tuwaite kama watakavyo. Na mtoto aitwe kwa jina lake.

Kwamba kiziwi aweza kuwa mwalimu na kiongozi, habari za Andrew Foster zatosha. Alikuwa Mmarekani mweusi wa Alabama, akapoteza kusikia alipokuwa na miaka 11, kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo cha Gallaudet. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi mjini Accra, Ghana, kisha akaenda nchi kwa nchi katika Afrika, na shule alizozianzisha zikazidi thelathini, hata alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Mtu huyo, lau angalizaliwa katika baadhi ya vijiji vyetu, angaliitwa Bubu na kupewa ndoo. Basi kila shule yenye watoto hawa na imtafute kiziwi mtu mzima, fundi cherehani au seremala au mkulima mwenye heshima zake, aje darasani. Mtoto ambaye hajapata kumwona kiziwi mwenye mke na nyumba hudhani kwamba viziwi hawakui.

Haya ndiyo tutakayo yatendeke. Mwalimu amsalimu mtoto huyu kila asubuhi uso kwa uso, amuulize habari za nyumbani, angoje jibu. Akitaka kumwita amguse bega au apunge mkono, asimrushie chaki. Darasa zima lifundishwe alfabeti ya vidole na alama za kila siku, kwani watoto hujifunza upesi, na mchezo ambao wote wauweza haumwachi mtu pembeni. Wenzake wawekwe kwa zamu kumwonyesha ukurasa na kumwandikia neno lililompita. Anayeigiza sauti yake kwa dhihaka akaripiwe mbele ya wote, maana dhihaka hiyo ndiyo imfanyayo kiziwi afunge kinywa asikifungue tena. Mtoto afundishwe alama za furaha, woga, wivu, haya na uchungu kabla ya kulaumiwa kwa hasira. Naye apewapo kifaa cha kusaidia kusikia, watu wasidhani amepona. Kifaa huongeza sauti, hakiondoi kelele za watoto sabini. Wazazi wampeleke mtoto hospitalini mara waonapo usaha au shaka ya kusikia, na chanjo za surua na rubela zisikosekane. Na kanisani, penye somo na mahubiri, na awepo mtu wa kumfasiria, au japo wa kumwonyesha mstari.

Wala tusidhani kwamba twaomba sadaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataka shule zirahisishe mafunzo ya lugha ya alama na kukuza utambulisho wa lugha wa viziwi. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, wameiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha iliyokalishwa Bungeni haiwezi kuwa aibu darasani.

Ndugu wasomaji, mtoto huyu yumo katika kijiji chenu. Labda yumo katika darasa lenu, labda katika nyumba yenu. Akiadhibiwa kwa kosa la masikio yake, ninyi mwasikia kilio chake. Akiachwa peke yake kando ya moto, ninyi mwamwona. Methali ya wazee bado ni kweli, ila tuangalie yamwangukia nani. Aliyezaliwa bila kusikia hajakataa neno la mkuu, kwa sababu halikumfikia. Mwenye masikio mazima, aliyeambiwa na asitende, huyo ndiye asiyesikia.